Yangeyange Mweusi wa Mfereji Wetu

Jumanne, Machi 5
Nimempata! Kwenye mikoko, mfereji unapoishia. Yangeyange mweusi tii, koo jeupe, nyayo za manjano. Kitabu changu cha ndege kinasema hivyohivyo: yangeyange wa miamba, mkazi wa Afrika Magharibi. Kavuka Atlantiki nzima kuja kwangu! Jirani yangu Sookdeo jina lake limo mara tatu katika orodha ya ndege adimu wa Trinidad. Langu, miaka kumi na tisa nikitazama ndege, halimo. Nimemdokeza kwamba kuna bata wa ajabu kule Nariva, upande wa pili wa kisiwa. Kaondoka hata chai hakunywa.

Jumatano ya Majivu, Machi 6
Kamati ya Ndege Adimu imepokea taarifa yangu. Inataka shahidi anayejua ndege. Yuko mmoja tu jirani: Sookdeo. Na yuko Nariva, anatafuta bata wangu! Nimempigia mara kumi na moja. Hapatikani.
Nikamkokota dada yangu Merle. Masikio yake bado yana tope la Karnivali; juzi alfajiri bendi yao yote walijipaka tope na masizi, kisha wakaogea mferejini. Kamtazama ndege, kacheka. "Kaka Cuthbert, huyo naye alicheza na sisi!" Hana elimu ya ndege. Nimemsamehe.

Alhamisi, Machi 7
Mvua kubwa. Ndege ana mabaka meupe. Safi sana! Kitabu kinasema weupe wapo pia. Anabadilika mbele ya macho yangu!
Sookdeo karudi, mbu wamemuuma mpaka kope. Kachungulia kwenye darubini, katamka kwamba huyo ni yangeyange wetu mweupe wa kila siku, anahitaji sabuni tu. Kisha akaipigia Kamati palepale. Nilijificha nyuma ya mikoko, nikalia kidogo.

Ijumaa, Machi 8
Ndege mweupe pe. Kamati imejibu kwa neno moja: hapana. Imeniuma sana. Nimeapa: sitataja ndege tena kabla sijajua amepita wapi. Merle kaniomba nimwage ndoo ya rangi ya buluu waliyobakiza kwenye bendi, ya kujipaka wanapoigiza mashetani. Nimeimwaga mferejini. Angalau leo nimefaa kwa jambo moja.

Jumamosi, Machi 9
Mungu mkubwa! Yangeyange wa buluu! Buluu kuanzia kifuani hadi kwenye kucha! Hayumo katika kitabu chochote duniani. Nimeipelekea Kamati kurasa sita. Sookdeo nimemwambia yule bata ameonekana tena Nariva.