Idara ya Kupumzisha Mabonde

Je, mliwahi kusikia njaa ikipigwa marufuku? Basi sogeeni. Ilipigwa marufuku Makambako, enzi za Mwingereza, siku ya gulio, mbele ya watu na mbuzi.

Siku hiyo mkubwa wa Idara ya Kupumzisha Mabonde, ambaye watu walimwita Bwana Mabonde, alipanda juu ya sanduku akakohoa. Karani wake Elieza, kijana wa mtaa wa Ramadhani kule Njombe, kaptula imepigwa pasi hadi inataka kukata mtu, akatafsiri kwa sauti ya mimbarini:

"Serikali imeyachunguza mabonde, imeona yamechoka. Kuanzia leo vinyungu vyote vimefungwa. Mabonde yapumzike!"

Vinyungu ni bustani za bondeni. Kiangazi kikiingia, mashamba ya juu yakakauka kama kisigino, huko chini kwenye unyevu ndiko kunakotoka mahindi mabichi, maharage na maboga. Ukifunga kinyungu, umefunga mdomo.

Mzee Sila akauliza, "Na njaa je, bwana?"

Bwana Mabonde akatabasamu. Jambo hilo kamati ilishalijadili, tena mara tu baada ya chakula cha mchana.

"Wilaya hii haina njaa," Elieza akatafsiri. "Ina kuchelewa kwa shibe. Dawa yake ni kusubiri. Atakayelitamka lile neno lingine ni mchochezi, atavunja mawe ya barabara."

"Neno lipi? Njaa?" akauliza Mzee Sila, apate uhakika.

Akapelekwa kwenye mawe.

Esteria, mjane wa Kitandililo, alirudi kwake akakuta kinyungu chake kimeshapigwa kigingi chenye kibati cha serikali. Ndani, mahindi yalikuwa yametoa ndevu, na maboga yamelala kama nguruwe walioshiba. Tarishi Nahumu, mtu wa kutii amri hata ndotoni, aliwekwa ukingoni kulinda usingizi wa bonde.

Wiki zikapita. Ema, mjukuu wa Esteria, akaacha kucheza. Akawa anakaa mlangoni, anabandua udongo wa ukuta na kuutafuna. Bibi yake aliutazama ule mkono mdogo uliobaki mfupa, na lile neno likamkaa kooni kama mwiba. Hakulisema. Akienda kwenye mawe yeye, Ema atabaki na nani?

Ndipo Bwana Mabonde akaja na Elieza kukagua mapumziko. Gari lake likavunjika springi palepale Kitandililo. Lori lenye mizigo yake, pamoja na vyakula vya makopo, lilikuwa limeshatangulia Ilembula. Dereva akashika njia kwa miguu kutafuta fundi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Esteria akawaambia wanawake wenzake. "Haya, kaja. Tupone."

Kwa Wabena mgeni haulizwi kama ana lile neno. Ukimwona tu, chungu kinapanda mafigani. Nacho kilipanda, na maji ndani yake. Bwana akapewa kigoda. Esteria akapiga goti, akamsalimu kwa Kibena, "Kamwene, bwana," akamnawisha mikono. Bertila, jirani yake, akaleta ungo uliofunikwa kwa kitambaa cheupe. Wakaimba wimbo mzima na beti zake zote, wakaomba sala ya chakula, ndefu, bila kumsahau Mfalme wa Uingereza. Kitambaa kikaondolewa. Ungo ulikuwa mtupu, umepanguswa vizuri.

"Karibu, bwana. Shibe imechelewa kidogo."

Jioni wakamnawisha tena. Asubuhi tena. Tangu azaliwe Bwana Mabonde hakuwahi kuwa na mikono safi namna ile.

"Mama," Elieza akanong'ona, kaptula yake imeshakuwa kama jani la mgomba mkavu, "hata kipande cha boga."

"Boga limepumzika, mwanangu. Si wewe uliyetutangazia?"

Mchana huo Nahumu akasikia kitu kikivunjika bondeni, kwaa! Akashuka mbio na rungu. Akamkuta Bwana Mabonde katikati ya mahindi, hindi kwapani, hindi mdomoni, ndevu za mahindi zimechanganyika na ndevu zake.

"Uko chini ya ulinzi," akasema Nahumu, akampigia saluti. "Amri haikumtoa mtu."

"Mimi nakagua tu."

"Kwa meno?" akauliza Bertila kutoka ukingoni, maana kijiji kizima kilishafika.

Bwana akabwata kwa Kiingereza. Elieza akainama. "Anasema... shibe yake imechelewa."

"Maskini, pole yake. Basi asubiri," Esteria akajibu. Akamtoa lile hindi kwapani kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamwelekeza kwenye kigingi. "Bwana, wewe ulifunga, wewe utafungua. Ng'oa. Lakini kigingi cha serikali haking'olewi bila sababu. Itaje mwenyewe, kwa Kiswahili. Elieza naye apumzike."

Bwana Mabonde akawatazama watu. Ema alikuwa amesimama mbele kabisa, anatazama hindi, wala hana habari na bwana. Bwana akakishika kigingi, akakitikisa, akakitoa na udongo wake.

"Sababu?" akauliza Nahumu.

Tumbo la bwana likanguruma, likatangulia kutoa ushahidi.

"Njaa," akasema. "Nina njaa."

Nahumu akashtuka. "Mama Esteria, amelitamka! Huyu ni wa mawe."

"Ni wa mawe," Esteria akakubali, akimmenyea mjukuu wake hindi. "Mzee Sila atampokea. Lakini mwache ale kwanza, na sisi tule. Nahumu, sogea njiani. Tuna njaa!"