Kidonda Changu na Kidonda cha Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema kinagaubaga: kidonda cha mguu kisipopungua kufikia mwisho wa mwezi, kidole gumba kinakatwa. Kidole changu! Eti sukari imeziba vimishipa vya damu, nyama haipati chakula. Nimeogopa sana.

Kinachoniuma zaidi ni Fundi Saa, mwenzangu wa benchi pale chumba cha vidonda. Chake kinapungua kila wiki. Anakaa mguu juu kutwa, kama alivyoagizwa. Kujipendekeza tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua jambo. Muuguzi huweka karatasi ya nailoni juu ya kidonda, huchora ukubwa wake, huitia kwenye faili. Daktari hafungui bandeji; hutazama mchoro. Na faili hubebwa na nani? Mgonjwa mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi
Nilijitolea kumbebea Fundi Saa faili lake, apumzishe mguu. Akaniombea baraka. Kwenye kona ya korido nikabadilisha michoro. Daktari akanipa mkono: kidonda kimepungua nusu! Nikatoka kifua mbele.

Akaingia Fundi Saa. Akatoka na tyubu ya jeli. Dawa mpya, ya kuchochea mwili uoteshe vimishipa vipya. Wanapewa wenye vidonda sugu tu. Na hiyo ilikuwa ya mwisho.

Jumatatu, 10 Machi
Njia ya mwongo ni fupi. Mke wangu kanibana, nikatapika yote, akanikokota hospitali. Nimekiri mbele ya daktari, muuguzi na Fundi Saa. Nimelia, sifichi. Muuguzi kaniita mtu mzima ovyo. Fundi Saa kacheka mpaka kashika mbavu, kanikabidhi tyubu haijafunguliwa. Kasema macho anayo, aliona kidonda chake kinapona, dawa ya nini?

Daktari kaonya: nipake kidogo, kidondani tu, nisikanyagie mguu huo. Tyubu ni ya mwezi mzima.

Jumatano, 12 Machi
Nimetulia kama maji mtungini. Mguu juu. Mtu mpya kabisa.

Ila nimewaza. Kama jeli hii inaotesha vimishipa kwenye nyama iliyochoka, itashindwaje na kipara? Nimepaka kidogo. Kisha kisogoni. Nimesimama mbele ya kioo saa nzima, nikisubiri. Mke wangu kauliza mbona kichwa kinang'aa. Nimemwambia ni jasho.

Tyubu imebaki nusu. Kidole kivumilie kidogo. Nywele zikiota, nani atatazama mguu?