Trekta Kwenye Ua wa Mkwe

Alhamisi, 5 Agosti 1954
Mzee Anyelwisye amenipa mtihani. Nikimtaka binti yake Tulinagwe, kwanza nimalize lundo la matawi ya mikaratusi aliyoangusha nyuma ya nyumba. Niyakatekate kwa panga, niyatandaze kwenye kahawa. Eti anataka kuona jasho langu. Lundo limepita paa! Nimepiga panga mara tatu, kiganja kikatoka lengelenge. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kasema mzee. Wajinga wainame. Mimi nina akili.

Ijumaa, 6 Agosti
Akili imejibu. Ezron, dereva wa trekta kwa mzungu wa shamba la kahawa, ana ile mashine inayotafuna matawi. Trekta linazungusha mkanda, mashine inameza tawi zima upande huu na kutema vipande upande wa pili. Bwana wake kesho anakwenda Mbeya. Nimemwahidi Ezron jogoo wa mama. Mama hajui. Jogoo naye hajui.

Jumamosi, 7 Agosti
Trekta liliingia likinguruma, watu wote nyuma. Nilivaa shati jeupe. Mzee alilitazama, mikono mgongoni. Nikadhani ni furaha. Nikaagiza mdomo wa kutema ugeuzwe uani, mzee aone vizuri. Ezron akasema huko kumeanikwa ulezi. Nikamjibu yeye aendeshe, mipango aniachie mimi.

Lahaula! Vipande vikaruka juu ya ulezi wote. Mama mkwe akatoka na ungo wake, akasimama palepale anashangaa, vikamnyeshea yeye. Ningefanyaje? Kwetu ni mwiko mkwe kumsemesha mama mkwe, hata kumtazama. Nikampa mgongo, nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Nani atasikia kikohozi mbele ya trekta? Ezron akazima mashine, akaruka chini, akamvuta mama kando, akampa pole. Halafu akakaa kumsaidia kupepeta ulezi, jasho linamtiririka! Tulinagwe akaleta kata ya maji. Akampa yeye. Mimi niliendelea kukohoa.

Jumatatu, 9 Agosti
Mshenga wangu, mjomba Barnaba, amerudi uso umemshuka. Mzee asema aliahidi kuangalia jasho, na jasho ameliona kwa Ezron. Kwangu ameona kikohozi, na anashauri niende hospitali. Nikauliza Tulinagwe mwenyewe kasemaje. Kumbe binti alicheka, kisha akasema Ezron anamfaa. Nimelia. Nilimpenda yule msichana, jamani. Na mama anazunguka migombani akimwita jogoo.

Jumapili, 15 Agosti
Posa ya Ezron imepokelewa. Sasa na yeye ni mkwe! Leo tukitoka kanisani alimwona mama mkwe njiani, akatumbukia mtaroni na suti yake. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo nikamwona Ikupa, mdogo wake Tulinagwe, naye anacheka. Ana meno mazuri sana.

Nimeulizia. Mzee asema atakayemposa Ikupa atang'oa visiki vya ile mikaratusi. Kwa jembe! Nimesikia trekta linang'oa kisiki kwa mnyororo. Kosa langu nimeligundua: nilimwachia mtu mwingine aendeshe. Safari hii naendesha mwenyewe. Sijawahi, lakini kama Ezron ameweza, ni kitu gani? Shida ni malipo tu. Mama amebakiwa na mtetea mmoja.