Kumpekua Mama Mkwe

3 Agosti 1953, Jumatatu

Amri mpya imebandikwa mlangoni mwa kibanda chetu cha walinzi, hapa kwenye kizuizi cha barabara. Kila atokaye mgodi wa Lwamboga apekuliwe: mzee, mama, mtoto, padri. Dhahabu inavuja, asema Bwana Mkubwa wa Ulinzi. Juzi kipande kimekutwa Kharumwa ndani ya gunzi la mahindi. Kuanzia leo haitoki kokoto, hautoki mchanga, hautoki hata udongo.

Jambo la pili, tamu zaidi: mwezi huu atachaguliwa mlinzi mkuu. Kofia yenye utepe mwekundu. Na baiskeli! Tuko wawili tu, mimi na Gregory. Gregory ana misuli. Mimi, Cornel, nimesoma kwa mapadri mpaka darasa la sita. Kofia ni yangu. Nimekwisha kujipima kwa sufuria.

Baadaye. Nimekumbuka jambo katikati ya ugali. Kila Jumatano Mama Nyamizi huingia kambi ya mgodi kuuza maziwa mgando, hutoka saa nane. Nyamizi ni mchumba wangu. Kwa Wasukuma mama mkwe hupishwa njia. Humtazami usoni, humpi hata mkono. Na mimi Jumatano nimpapase kiunoni! Ugali umenikwama.

5 Agosti, Jumatano

Nilikuwa na hila. Nikafunga bendeji mkono wa kulia, kutoka vidoleni hadi begani. Nikatangaza kwamba nimeumwa na nge. Gregory akauliza ameniuma wapi. Nikamwonyesha mkono wote. Akauliza kama huyo alikuwa nge au chatu. Hana utu kabisa. Lakini ilimbidi apekue peke yake.

Sikuwa nimefikiria mbele. Gregory anapekua kama mtu anyonyoaye kuku. Wanawake walipangwa juani mbele ya wachimbaji wote waliotoka zamu. Akawavua vilemba. Akawagongagonga viunoni. Binti mmoja alilia. Ilipofika zamu ya Mama Nyamizi, Gregory alitumbukiza mkono kibuyuni hadi kiwiko. Maziwa yote chini. Mama yule hakupiga kelele. Alimuuliza tu, taratibu, "Mwanangu, mama yako naye ungemfanyia hivi?"

Gregory akajibu kwamba amri haina mama.

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nimechuchumaa kwa heshima. Heshima gani hiyo! Niliona miguu yake tu ikipita, imejaa vumbi, maziwa yakitiririka kwenye visigino. Sikula jioni.

7 Agosti, Ijumaa

Usomi si bure! Kabatini ofisini nimekuta kitabu cha kanuni. Nimekipuliza vumbi. Kimeandika wazi: mwanamke atapekuliwa na mwanamke mwenzake, faraghani, kwa staha. Kitu kitakachochukuliwa kiandikwe daftarini, kikaguliwe mbele ya mwenyewe, na arudishiwe kisipokuwa na kosa. Kumbe haki ya Mama Nyamizi ilikuwepo siku zote, imelala kabatini na mende!

Nimemsomea Gregory. Akasema mwizi hana staha. Nikamwambia wengi wapitao hapa si wezi, na tungekuwa tunawajua wezi tusingesumbuka kupekua watu wote. Nimeyapenda sana maneno yangu. Nimeyarudia katika barua kwa Bwana Mkubwa. Mwishoni nikapendekeza, kwa unyenyekevu, mwanamke mwaminifu anayeifaa kazi hiyo: Nyamizi binti Jilala. Nitamwona kila siku. Atampekua mama yake mwenyewe. Aibu imekwisha, na mapenzi yamesogea. Nani kama mimi?

10 Agosti, Jumatatu

Bwana Mkubwa amekubali! Ameisifu barua. Mwanamke ameajiriwa.

Si Nyamizi. Ni Serafina, shangazi yake Gregory! Gregory alimpeleka ofisini Jumamosi asubuhi, wakati mimi napiga pasi sare ya kumpokelea Nyamizi.

Serafina alikuwa akisaidia wauguzi hospitali ya misheni kule Kolandoto. Mrefu, maneno machache. Amejengewa ua wa matete. Hunawa mikono kabla ya kumgusa mtu. Humwambia, "Mayu," yaani mama, "nitaanza na mabega," kisha huanza na mabega. Humuuliza kama ana kidonda. Nilikusudia kumchukia. Lakini wanawake wanatoka uani wanacheka. Na ana macho! Leo amekuta chembe ya dhahabu ndani ya msuko wa nywele, na hakumfedhehesha mwenye nywele mbele za watu. Gregory anatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyeiona.

12 Agosti, Jumatano

Siku mbaya.

Saa nane Mama Nyamizi aliingia uani kwa Serafina. Nikajipongeza. Kisha Serafina akatoka na kifundo cha kaniki, ukubwa wa limau. Ndani yake udongo.

Gregory akapiga kelele za ushindi. Shangazi yake akamtazama mara moja, naye Gregory akarudi nyuma. Mama Nyamizi akatoka, akasimama wima.

"Huo si udongo," alisema. "Huyo ni mume wangu."

Akaeleza, nasi tukasikiliza. Mzee Jilala aliangukiwa na mwamba shimoni miaka miwili iliyopita. Akazikwa makaburi ya kambini, ndani ya uzio. Sasa ukoo umesema binti haozwi baba yake hajaarifiwa. Na ukoo mzima hauwezi kuingia ndani ya uzio wa mgodi na ngoma na pombe ya tambiko. Ndipo mama akachota konzi moja ya kaburi, ampeleke mzee nyumbani Kharumwa, awepo arusini.

Arusi ya nani? Yangu!

Serafina aliandika kila kitu daftarini kama kanuni inavyotaka. Bwana Mkubwa atakuja kesho kukagua. Akamwambia mama yuko huru kwenda na kurudi. Mama akasema hamwachi mume wake mikononi mwa walinzi. Amekaa uani. Serafina amempa mkeka na uji.

Kifundo kimefungiwa sandukuni humu kibandani. Ufunguo uko msumarini. Nimeutazama ufunguo huo kwa saa nzima. Je, kama udongo wa kaburi una dhahabu? Kambi yote imekaa juu ya dhahabu! Mama mkwe atafungwa. Nyamizi atanilaani. Lazima niwaokoe wote.

Saa kumi Serafina alikwenda kuteka maji. Nikafungua. Udongo wa mzee nikautia kwenye leso yangu safi. Ndani ya kaniki nikatia udongo wa barabarani, wa hapa hapa mbele ya kizuizi. Udongo mkavu, mnyonge, usio na neno na mtu.

Mzee Jilala sasa yumo mfukoni mwangu wa kushoto, upande wa moyo. Nimempa shikamoo. Ilikuwa lazima.

13 Agosti, Alhamisi

Bwana Mkubwa alikuja na karai. Akamweka Mama Nyamizi mbele, ashuhudie. Akamimina udongo, akatia maji, akazungusha. Akamwaga kidogo. Akazungusha tena. Akaacha kuzungusha.

Chembe tatu. Zinang'aa!

Leo ndipo nilipoambiwa kwamba barabara yetu ilijazwa kifusi cha mgodi.

Gregory akachomoa pingu. Mama Nyamizi hakuzitazama. Alikuwa akitazama maji ya matope yakizama ardhini, karibu na kiatu cha Bwana Mkubwa. Akasema polepole, "Mmemmwaga." Akainama akataka kukusanya matope kwa viganja.

Nikaruka katikati. "Siye huyo!" nikapaza sauti. "Mama, siye! Mzee yuko kwangu!"

Nikatoa leso. Nikasema yote: ufunguo, barabara, hofu yangu. Bwana Mkubwa akaniuliza kama ninajua adhabu ya kuvuruga ushahidi. Nikajibu kwamba ndiyo kwanza ninajifunza. Gregory akanigeuzia mimi pingu, kwa furaha ambayo si ya Kikristo.

Aliyeniokoa ni Serafina. Alifungua daftari, akasoma alichoandika jana: udongo mwekundu, una mizizi midogo ya nyasi. Akaonyesha karai: udongo wa kijivu, hauna mzizi hata mmoja. Akaonyesha leso: mwekundu, una mizizi. Akasema mama huyu hakuchukua dhahabu, na aliyekosa ni huyu mjinga hapa. Mjinga ni mimi. Sikupinga.

Bado leso ilipaswa kukaguliwa. Mama Nyamizi akasema mume wake haoshwi mara ya pili. Bwana Mkubwa akakuna shingo. Serafina akaleta sahani nyeupe. Akashauri udongo utandazwe, utazamwe kwa lenzi, bila maji. Bwana Mkubwa akafikiri. Kisha akavua kofia yake, akapiga goti, akatazama punje baada ya punje, jua likimchoma utosi. Hakuna kitu. Serafina akamkusanya mzee mzima, hata vumbi la ukingoni mwa sahani, akamrudisha kwenye kaniki, akamkabidhi mama kwa mikono miwili.

Mama Nyamizi hasemi nami, ndiyo desturi. Alimwambia Serafina, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie kijana huyo, baba yake Nyamizi amelala mfukoni mwake. Amemjua. Mtu aliyekubali kufungwa kwa ajili yangu, sina la kumkatalia. Lakini mwambie asiguse tena mzigo wa mtu."

Nikamwambia Serafina amwambie mama nimesikia.

Serafina akasema mimi na mama tumeachana hatua mbili tu, naye si tarishi.

Mama Nyamizi akacheka. Mara ya kwanza kumsikia. Nikageukia pipa la maji. Macho yangu yaliingiwa na vumbi, yote mawili.

15 Agosti, Jumamosi

Kofia ya utepe mwekundu amepewa Serafina! Baiskeli pia, ingawa hajui kuiendesha. Anaikokota kama mbuzi. Mimi nimeshushwa: miezi mitatu kuinua na kushusha mti wa kizuizi. Gregory naye kakosa kofia. Tulikaa pamoja kivulini. Kisha akanikatia nusu ya muhogo wake. Si mtu mbaya sana.

Nyamizi ametuma salamu. Baba amefika nyumbani salama, ukoo umempokea, arusi ni Oktoba. Ameniita mume wake mtarajiwa! Nimeapa kwa Mungu, kwa Mama Nyamizi na kwa marehemu: sitagusa tena mzigo wa mtu.

Mchana huu gari la posta limeleta barua ya Gregory kutoka Ngokolo, Shinyanga. Nimeachiwa nimkabidhi akitoka zamu. Mwandiko wa kike. Bahasha inanukia marashi. Nani huyo? Na kwa nini amwandikie sasa, wiki hii hii? Huenda Gregory anapanga jambo la kuniharibia. Huenda ni usalama wa mgodi mzima!

Barua si mzigo. Mzigo hubebwa kichwani. Nimeikagua kwa mwangaza wa dirisha, haionyeshi kitu. Lakini gundi ya bahasha huachia kwa mvuke, na birika liko jikoni, linaanza kuimba.