Kamba ya Nibo wa Nane

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku kubwa. Naliaka, mtangazaji wa redio moja ya hapa kwetu, ametangaza kwamba anatafuta mtu wa kupima gemu mpya ya Nibo, hewani, Jumapili. Atakayefanya vizuri atapewa kona yake ya gemu kila wiki. Nimempigia kabla hajamaliza kutangaza. Nimemwambia gemu yenyewe nimeshaimaliza, akaniandika.

Sijaifungua. Lakini Nibo nimemcheza tangu ile ya kwanza ya kaseti, wakati huyo kindi mwenye buti alikuwa madoa matatu ya kahawia kwa skrini. Hii ni ya nane. Kindi ni yule yule. Ataruka, ataanguka shimoni, ataruka tena. Nani atanifundisha nini hapo?

Nimefunga duka langu la mapazia mapema. Ruiru itavumilia.

Baadaye. Pigo. Safari hii Nibo amefungwa kamba kiunoni pamoja na dada yake, Tuli. Mmoja akiruka, mwingine lazima ashikilie. Gemu inataka watu wawili na padi mbili za kuchezea. Nimetafuta kwa seting zote njia ya kucheza peke yangu. Haiko.

Kuna mtu mmoja angefaa. Dev, wa Thika. Tulikua tukicheza Nibo pamoja kwao Kamenu. Lakini hatuongei tangu aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemaliza Nibo wa tatu kwanza. Ni mimi. Simpigii.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza. Padi moja mikononi, nyingine sakafuni, niicheze kwa vidole vya miguu.

Nibo aliruka vizuri. Tuli akatembea moja kwa moja hadi mtoni na kumvuta kaka yake. Tukarudia. Mto tena. Mwishowe msuli wa paja ukanikaza, nikaanguka na kiti. Mitchell, jirani yangu hapa Kiuu, akabisha kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni mazoezi. Akaangalia padi iliyokwama katikati ya vidole vyangu, akasema pole, akaenda zake.

Maoni ya leo kuhusu gemu: buti ni nzito kuliko zamani. Ukibonyeza, kindi anafikiria kwanza ndipo aruke. Ni kasoro.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili. Dada yangu Kalondu. Kiongozi wa kwaya, mtulivu, mikono haitetemeki. Nikamwambia ni kazi ya redio. Akavaa miwani.

Shida ni moja. Amekataa kukanyaga uyoga wenye macho. Nikamweleza kwamba uyoga ni adui, umekanyagwa tangu Nibo wa kwanza. Akauliza umetukosea nini. Nikamwonyesha kitufe cha kukanyaga.

"Si tupite tu kando?" akasema.

Tukapita kando. Kila uyoga. Tulipomaliza levo ya kwanza chai ilikuwa imepoa, ikapashwa, ikapoa tena. Kwa levo ya pili kuna daraja. Nikaruka, yeye bado anatafuta kitufe. Tukaanguka wote wawili. Akavua miwani taratibu.

"Muoki, wewe hungoji mtu," akasema, akaenda mazoezi ya kwaya.

Hana kipaji. Nilipaswa kujua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeenda Kamenu kumjulia hali Mama Dev, kwa sababu nimesikia goti linamsumbua. Si kwa sababu ya Dev. Kwamba gemu na padi mbili zilikuwa kwa mkoba, hiyo ni bahati tu.

Mama Dev alinishika mkono kwa muda mrefu. Akauliza mbona nilipotea. Nikasema kazi. Nikauliza goti linaendeleaje. Akasema goti halijawahi kuwa na shida, ni bega.

Dev akaingia kutoka duka lake la spea. Ameanza kuota mvi. Akasema habari, nikasema nzuri. Tukakaa, kila mtu na ukuta wake. Mama Dev akatuangalia, akaangalia mkoba.

"Kama ni kununiana, nunianeni mkicheza," akasema. "Hapa sebuleni kwangu msikae kama watu wanangoja daktari."

Dev akasema Jumamosi ana nafasi. Nikatazama dari kidogo, kama mtu mwenye mambo mengi, kisha nikakubali.

Jumamosi, 14 Juni

Tumecheza, sebuleni kwa Mama Dev. Lazima niandike ukweli kuhusu gemu hii: ni nzuri sana. Zile buti nzito zina maana. Zinakupa muda wa kumwambia mwenzako kwamba unaruka. Na levo ya mwisho, mlima wa kioo, wameweka ule wimbo wa Nibo wa kwanza, lakini pole pole, kama mtu anayeukumbuka. Dev aliutambua kabla yangu. Sitaandika hilo popote pengine.

Pale juu, mmoja anabaki chini ameshika kamba, mwingine anapanda. Skrini inamfuata anayepanda. Anayeshika haoni kitu. Nilipanda mimi. Nikateleza.

"Umenishika?" nikauliza.

"Nimekushika. Panda pole pole."

Niliteleza mara nyingi. Kamba haikuachiliwa hata mara moja.

Tulimaliza. Kisha Dev akasema, akiangalia TV tu, "Kila Nibo mpya akitoka, nilikuwa nashindwa nitacheza na nani."

Nikapangusa padi kwa shati, mara mbili. Ni mafuta ya bhajia za Mama Dev. Dev akasema labda hata Nibo wa tatu tulimmaliza pamoja. Sikubisha, jambo linaloonyesha ukomavu wangu. Akaniomba nimsalimie kesho redioni. Nikasema hilo halina shaka.

Jumapili, 15 Juni

Nimeongea vizuri. Nimeeleza uzito wa buti, wimbo, mlima. Nikasema kamba ndiyo jambo bora zaidi kuwahi kuingia katika Nibo. Naliaka alikuwa ananisikiliza kwa makini. Kisha akauliza nilicheza na nani.

Hapo nikapiga hesabu ya haraka. Nikimtaja Dev, nusu ya sifa inaondoka. Nikasema nilicheza peke yangu, kwa mikono na miguu. Kwa nidhamu. Naliaka akashangaa sana. Akafungua laini za simu kwa wasikilizaji.

Aliyepiga wa kwanza ni mama kutoka Kamenu.

"Habari yako, Naliaka. Nataka kumuuliza Muoki. Yule alikuwa kwa sofa yangu jana, ameshika padi ya pili, alikuwa nani? Kwa sababu mimi nilimpikia nikidhani ni mtoto wangu."

Nikasema laini ni mbaya, sisikii.

"Laini iko sawa," akasema Mama Dev, kwa upole kabisa.

Naliaka akaweka wimbo. Wimbo ukiendelea, akamwomba Mama Dev namba ya Dev.

Jumatatu, 16 Juni

Naliaka amenipigia. Kona ya gemu amepewa Dev. Dev alimwambia atakubali tu nikiwa pamoja naye, kwa sababu gemu hiyo ni ya watu wawili. Nimekataa. Siwezi kuwa mtu wa pili. Dev mwenyewe anapiga simu tangu asubuhi na sijashika. Atakuwa anataka kujigamba.

Nimeketi dukani kati ya mapazia, nikaipitia wiki yote kwa utulivu, bila hasira, ili nione nilikosea wapi. Nimeona. Siku nyingine nitacheza kwenye nyumba isiyo na redio.