Maji Yaliyobaki Ndani ya Bureti ya Nzilani

Munyao Mutie,
Ikutha.
Jumatano, jioni.

Kwa Mwalimu Muturi,
Mwalimu wa Kemia.

Mpendwa Mwalimu,

KUH: ALAMA KUMI NA MOJA ALIZONYIMWA NZILANI

Pokea salamu zangu. Sisi ni wazima, mbuzi ni wazima, na mbaazi zimejitahidi kadiri ya mvua tuliyopewa. Nakuandikia kwa heshima, nikijua wewe una digrii na mimi nina nyuki. Lakini usinione mtu wa kubahatisha. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki hapa Ikutha, na ndiye ninayepima asali ya kila mwanachama kabla haijapelekwa kwa mnunuzi kule Emali. Mambo ya vipimo nayajua.

Juzi binti yangu Nzilani, wa Kidato cha Nne, alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa kemia ya maabara. Amepata nne kwa kumi na tano. Chini umeandika kwa wino mwekundu: "Hukusuuza bureti ipasavyo. Njoo urudie Jumamosi." Aliiweka karatasi mezani, akachukua vitabu vyake vya kemia, akavizika ndani ya debe la mbaazi na kufunika. Mtoto huyu amesema tangu darasa la tano kwamba atasomea mambo ya dawa. Sasa anasema atatafuta kozi isiyo na maji. Mwalimu, jambo hilo liliniuma, na usingizi wangu umepungua tangu siku hiyo.

Nimemhoji pole pole na amenieleza yote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeelewa kwamba bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye alama, unaotiwa asidi. Kabla ya kutia asidi, unausuuza kwa maji, unayamwaga. Kisha unausuuza tena kwa asidi yenyewe, nayo unaimwaga. Nzilani alisuuza kwa maji vizuri sana. Alipofika mahali pa kumwaga, mkono ulikataa. Alimwaga kidogo kwa ajili ya adabu, akayaacha mengine mle ndani, akajazia asidi juu yake.

Hilo wewe unaliita kosa. Huku kwetu ni malezi. Maji tunayachimba mchangani mwa mto uliokauka, tunayachota kwa kata, yanapanda kilima mgongoni mwa punda. Yakifika nyumbani tunanawia uso, tunasuuzia sufuria, kisha tunaupelekea mpapai. Maji ya hapa hayamwagwi, yanahamishwa. Nzilani akiwa na miaka mitano alimwaga nusu kikombe, na mama yangu Ndila akamtazama kwa jicho ambalo mtoto hajalisahau hadi leo. Ukitaka wa kuadhibu, anza na mama yangu. Nakushauri tu usije peke yako.

2. Unasema maji hayo yaliifanya asidi kuwa hafifu, ikahitajika nyingi zaidi kumaliza kazi yake, na kwa hivyo hesabu ya mwisho ikatoka kubwa kuliko ukweli. Hapo tumeachana njia. Uji ukiongezwa maji, wageni hutosheka na hakuna anayelalamika. Nyinyi mliolelewa karibu na mlima, ambako maji hujiendea mtaroni bila kuombewa kanisani, mnayashuku bure.

3. Jibu lako la mwisho ni 0.096, la Nzilani ni 0.104. Nimetoa mwenyewe na kupata tofauti ya 0.008. Hebu itazame hiyo nane, Mwalimu. Imejificha nyuma ya sifuri tatu, na mimi niliiona baada ya kuazima miwani. Unasema hiyo ni asilimia nane. Mchungaji wetu akiwapata waumini tisini na wawili kwa kila mia siku ya Jumapili, ataimba hadi koo likauke.

4. Alipima mara tatu asidi iliyotumika akapata 27.5, kisha 25.6, kisha 24.8. Unalalamika kwamba hazifanani, na kwamba hakupaswa kuzijumlisha atafute wastani. Watoto wangu watano wametoka tumbo moja na hakuna wawili wanaovaa kiatu kimoja. Je, nisiwahesabu? Tena angalia jinsi namba zinavyoshuka. Wewe ulikuwa unamngojea kwenye 24.0, na mtoto alikuwa njiani anakuja. Mngemwongezea raundi mbili angefika.

5. Umeandika pia kwamba alisoma alama akitazama kutoka chini, badala ya kuweka jicho sawa na usawa wa asidi. Nzilani ni mfupi kama mama yake Kanyiva. Maabara ina stuli moja, na ameniambia ni nani aliyekuwa ameikalia. Sitamtaja, kwa sababu ndiye ninayemwandikia.

Kwa hayo, naomba kwa unyenyekevu alama kumi na moja zirudishwe. Ikiwa ni vigumu, basi 0.096 itumike kwenye kaunti zenye mito, na sisi wa Kitui, pamoja na ndugu zetu wa Makueni wenye shida hii, tupewe jibu letu. Ikiwa hilo nalo ni zito, jedwali la matokeo liongezwe mstari wa ukame, mtahiniwa ajaze mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Na ikishindikana kabisa, njoo Ikutha mwenyewe. Chimba mchangani, jaza mtungi wa lita ishirini, upandishe kilima hadi kwangu, kisha umwage glasi moja mbele ya mama yangu. Ukitoka salama, nitakubali kwamba sayansi ni sayansi.

Kuhusu Jumamosi, Nzilani hatakuja. Mtu hawezi kurudia kitu alichofanya sawasawa.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na yule mlinzi wa lango anayenisemesha Kikamba. Kanyiva anakusalimu sana. Mama Ndila hajakubali kukusalimu, lakini nitamwomba tena kesho.

Wako katika vipimo,
Munyao Mutie,
Mwenyekiti.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshika bahasha wakati Kalunde, mwanachama wetu, alipofika na ndoo ya asali. Nilichota tone la juu nikaliweka kwenye kipimo chetu, kile cha kuchungulia kwa jicho moja, nikaona maji yamezidi. Nikamwambia siipokei, itachacha na kuharibu pipa zima la wenzake. Akaniambia, "Mwenyekiti, hiyo ndoo nimesuuza tu. Maji ilibaki kidogo sana huko chini. Ningemwaga aje na vile maji iko shida?" Nikamjibu kwa sauti ya mkutano kwamba asali haijui kidogo, na kwamba chombo hukaushwa hata kama kijiji kizima kina kiu. Kalunde alibeba ndoo yake akaondoka.

Nilipogeuka, Nzilani alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alienda kwenye debe la mbaazi, akatoa vitabu vyake kimoja kimoja akivifuta vumbi, kisha akaniuliza, "Baba, hiyo barua umeshafunga?"

Nilikuwa sijafunga. Ningeichana, lakini ni kurasa nzima za karatasi nzuri, na karatasi nayo hapa haitupwi ovyo. Kwa hivyo naituma ilivyo.

Mwalimu, huyu mtoto siku moja atawapimia watu dawa, na pengine mgonjwa wa kwanza atakuwa mama yangu. Jumamosi atakuja kurudia. Nitamsindikiza. Tafadhali umwachie stuli. Yale maji ya kusuuzia atayamwaga yote mwenyewe hadi tone la mwisho, na mimi nitakuwa nimesimama chini ya mkono wake na beseni, kwa sababu mpapai haujafanya kosa lolote.