Ombi la Kibali cha Kuasi kwa Muda Mfupi

Ngome ya Thornhale,
baada tu ya mavuno.

Kwa Mhashamu Baba Askofu Gervase,
Mtunza Mhuri wa Mfalme.

Mhashamu Baba,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, na lile jino lako limetulia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kondoo. Mimi ni Warin wa Thornhale, yule aliyeketishwa nyuma ya nguzo kwenye karamu ya Pasaka, kwa hiyo huenda hukuniona. Baba yangu alimtumikia baba yake Mfalme, nami namtumikia Mfalme, wala sijapata kumwasi hata ndotoni. Hiyo ndiyo shida yenyewe iliyonifanya nimwite kasisi wangu, Osbert, aniandikie. Anaandika huku anatazama mlango. Naomba radhi kwa mwandiko.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasipotee njiani.

1. Ugeni. Barafu ilipoyeyuka, Mfalme alinifanyia heshima ya kulala kwangu. Alikuja na wapanda farasi, wapishi, waimbaji, mbwa, mwewe wa kuwindia, na bwana mmoja ambaye kazi yake, nilivyoelewa, ni kucheka Mfalme anapomaliza kusema. Walikaa mpaka samaki wa bwawa wakaisha. Wakafuata nguruwe, kisha bata bukini, kisha pombe yote, kisha nikaona wapishi wanawatupia jicho kuku wa wapangaji wangu. Siku ya kuondoka Mfalme aliniwekea mkono begani. "Rafiki yangu," akasema, "nimekula vizuri. Chukua kulungu wawili kutoka msitu wangu." Msitu huo, Mhashamu, ulikuwa wetu mpaka siku baba yake alipoupenda. Nikapiga magoti, nikashukuru. Mke wangu Amabel, aliyekuwa akitafuta vijiko vyake, akaninong'oneza, "Mtu kakuibia nguo zote, kakurudishia kofia, na wewe umepiga magoti!" Nilimkanya. Nyumbani kwangu hatusemi hivyo.

2. Ukuta. Waskoti wanashuka kila mwaka kuchukua ng'ombe wetu. Niliomba kibali cha kuinua ukuta na kuuwekea meno juu, ili wapiga mishale wangu wapate pa kujificha. Ofisi yako ilinijibu kwamba Mfalme ananipenda mno, haoni kwa nini nijifiche. Sawa, nikajenga usio na meno. Akaja mkaguzi wenu, akasimama kando ya ukuta, akaupima kwa macho. "Mzee," akasema, "huu unamzidi mbuzi." Nikamuuliza sheria ya mbuzi imeandikwa wapi. Akanijibu, "Huwa tunaiandika mtu akiuliza." Tumeubomoa ukafika kimo cha mbuzi. Sasa Waskoti wanauruka bila hata kushuka farasini. Mmoja wao alinipungia mkono.

3. Ivo. Huyu ni mwanangu wa pekee. Mwaka juzi alichukuliwa akalelewe ikulu, ajifunze adabu na kukata nyama mezani. Nilielezwa kuwa ni heshima, na mwanzoni niliamini, nikawatambia majirani. Nilipomuuliza mjumbe wa Mfalme mtoto atarudi lini kwa mama yake, alicheka akasema, "Atarudi, usijali. Wewe endelea tu kuwa mtu mzuri." Nimekuwa mzuri, Mhashamu, mpaka mgongo unaniuma. Mama yake bado anamwekea bakuli mezani kila jioni.

4. Hawise. Dada yangu huyu amefiwa na mume. Kabla majani hayajaota kaburini, Mfalme alimtoa zawadi kwa mkuu wa wapiga upinde wake, mgeni mmoja kutoka ng'ambo ambaye hajui Kiingereza wala Kifaransa. Akitaka kitu anakionyesha kwa kidole, na Hawise alionyeshwa kwa kidole hichohicho. Dada akasimama katikati ya ukumbi, mbele ya mjumbe. "Mwambie Mfalme," akasema, "kama anampenda hivyo, amwoe yeye." Mjumbe akatoa kalamu. Nikawahi kusema kwamba dada ana mzaha sana tangu utoto. "Sina mzaha, kaka," akasema. "Aandike." Amepewa mpaka Kwaresima awe ameolewa.

5. Drogo. Hapa, Mhashamu, naomba uketi. Drogo wa Skelby ni binamu yangu na jirani yangu ng'ambo ya mto. Wakati mimi natafuta samaki wa kumlisha Mfalme, Drogo alikuwa anamwasi. Alichoma ghala la Mfalme. Alimfukuza liwali wa jimbo shambani, liwali mwenyewe akiwa na shati la kulalia tu. Alimwita Mfalme kabichi, mbele ya watu, siku ya gulio. Basi ikawaje? Mfalme alimwita, wakalia wote wawili, wakakumbatiana. Drogo akarudishiwa ngome yake, na kibali cha meno juu ya ukuta. Akapewa vijiji viwili. Akapewa mjane tajiri ambaye, cha ajabu, anampenda. Wanawe waliokuwa ikulu walirudi naye juu ya farasi wapya, wakipita mbele ya lango langu huku Amabel amesimama dirishani.

Drogo alikuja kunionyesha joho lake jipya. Nikamuuliza, binamu, mimi nimekosa nini? Akanitazama kwa huruma. "Hukukosa kitu, Warin. Ndiyo tatizo lako. Wewe ameshakupata. Mtu ananunua kitu alicho nacho?" Akamalizia pombe yangu, akaondoka.

Nimelifikiria neno lile siku nyingi, nikaona lina haki. Mfalme hutoa vibali vya gulio, vya kuta, vya kuwinda na vya kuoa. Sioni kwa nini asitoe cha kuasi. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, niruhusiwe kumwasi Mfalme kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli hadi Majilio, ili msamaha uangukie Noeli, watu wakiwa na moyo laini.

Uasi wangu utakuwa wa adabu. Nitachoma kinu kimoja tu, changu mwenyewe, kile ambacho paa lake linavuja. Nitamtukana Mfalme kwa Kilatini, wapangaji wasije wakaelewa. Osbert anatafuta maneno, ingawa anasema yaliyo makali yote yamo kwenye Zaburi. Liwali nitamfukuza pole pole kwa sababu ya umri wake, na nitamtumia habari mapema avae viatu. Jeshi langu ni dogo, na nusu yao wana baridi yabisi, hivyo hatutafika mbali. Mfalme akiwa na haraka, tunaweza kushindwa palepale darajani, karibu na barabara kuu, asichafue farasi.

Kwa upande wake Mfalme, naomba msamaha wangu uandikwe sasa hivi, upigwe mhuri, tarehe iachwe wazi. Ndani yake iandikwe kwamba Ivo arudi kwa mama yake, Hawise aachwe na msiba wake, na ukuta upate meno. Vijiji sitaki. Labda kimoja, kidogo.

Ikiwa hilo ni zito, basi niandikwe angalau miongoni mwa watu wanaotiliwa shaka. Nasikia hao hupelekewa divai.

Nisalimie Malkia na mabinti. Nisalimie wapishi, nadhani hawajanisahau. Msalimie yule mbwa wa madoa aliyelala kitandani kwangu. Na ukimwona Ivo, mwambie mama yake anasema avae soksi za sufu.

Ni mimi, mtiifu wako hadi Mtakatifu Mikaeli,

Warin wa Thornhale

Tanbihi. Osbert alikuwa anayeyusha nta ya kufungia barua hii tulipopata habari kwamba Mfalme anapita kwenda kuwinda. Tukakimbilia darajani wote, mimi na Amabel na Drogo na nusu ya kijiji, nami barua nimeishika, nikiwa nimeazimia kumkabidhi mkononi. Nilisimama kwenye matope, kofia kifuani. Farasi wa Mfalme akasimama. Mhashamu, alinitazama mimi! Siyo Drogo, mimi! Akasema, "Aa, Walter! Bado upo?" Akacheka, wakacheka wote, akaniinulia mkono.

Nayafuta malalamiko yangu yote. Ukuta nitaushusha zaidi. Hawise nimemwambia afungashe. Amejifungia kanisani na kusukuma benchi mlangoni, lakini mlango tutaung'oa. Ivo akae huko kwa muda wowote Mfalme atakaopenda. Amabel anasema mtoto alikuwepo kwenye msafara, nyuma kabisa, kashika mwewe, na kwamba alituita. Mimi sikumsikia. Nilikuwa namtazama Mfalme. Jioni hii Amabel ameweka mezani mabakuli mawili tu, lake na la Ivo.

Osbert ameniuliza kama tumsahihishe Mfalme. Nikamuuliza, amekosea nini? Tafadhali, Mhashamu, badilisheni kwenye vitabu vyenu.

Walter wa Thornhale